Njia Iliyojaa Mahindi

Siku ya harusi ya binamu yake, Aluoch alichelewa kanisani, na yeye ndiye aliyekuwa na pete. Walimkuta kando ya barabara kule Langas, gauni la zambarau amelishika mkononi lisiburure, akitazama akina mama wanaotoka gengeni wakivuka kwenda upande wa pili. Kulikuwa na alama za kuvukia, zimepakwa rangi vizuri, na hakuna hata mmoja aliyezikaribia. Aluoch akasema lazima kuna sababu. Sababu aliipata: mbele ya alama kulikuwa na mtaro ulio wazi, na mtu mwenye kapu kichwani haruki mtaro. Harusi ilifungwa, pete zilifika, na tangu siku hiyo jamaa zake wakimwalika popote humtajia saa moja kabla ya wakati wenyewe.

Ndivyo alivyo Emmaculate Aluoch. Mwenzake akitazama barabara huona lami na magari, yeye huona miguu. Alizaliwa hapa hapa Eldoret. Baba yake, Mzee Oyugi, alitoka Nyanza akiwa kijana mwembamba, akaja kufanya kazi ya umeme katika kiwanda cha nguo, akanunua ploti Langas, na alipostaafu akakataa katakata kurudi nyumbani kwa sababu, alisema, kule joto lingemuua kabla ya uzee. Aluoch na wenzake walikwenda shule kwa njia ya mkato iliyovuka kijito kwa ubao. Mvua ikinyesha ubao ulikwenda na maji, na watoto wakalazimika kuzunguka kwa barabara kuu, katikati ya malori. Basi yeye, akiwa darasa la nne, alijipa cheo. Alitangulia, akainua mkono, akawazuia madereva. Wengine walisimama kwa heshima na wengine kwa kicheko, lakini walisimama. Hadi leo kuna wanaume wenye ndevu Langas wanaomwita Trafiki.

Mtoto wa namna hiyo angesomea nini kingine? Alikwenda chuo kikuu kule Kesses, akasomea mipango ya miji na barabara, akarudi na shahada, akahangaika na vibarua vya hapa na pale mpaka lilipotokea tangazo.

Lilikuwa tangazo refu. Ofisi ya barabara za kaunti ilitafuta mpangaji wa usafiri atakayeshughulikia usalama na ustahimilivu. Mzee Oyugi aliomba afafanuliwe neno hilo la mwisho, na bintiye akamwambia ni barabara isiyokufa mvua ikinyesha. "Kumbe ni hiyo tu," akasema mzee. Tangazo lilitaka mtu anayejua kuchora ramani kwa kompyuta, kuchambua takwimu za ajali, kuandika ripoti, na kusema mbele za watu bila kutetemeka. Halikutaja gambuti. Halikusema popote kwamba mwombaji awe na tumbo la kustahimili vikombe vya chai mfululizo, na hakuna mtu wa Uasin Gishu atakayekueleza shida ya barabara yake kabla hujanywa chai yake. Wala halikusema ajue kunyamaza. Hayo Aluoch alijifunza kazini, na hilo la kunyamaza lilimchukua muda, maana kwao watu hawanyamazi.

Kwenye mahojiano mkuu wa ofisi, Injinia Wangila, alikuwa ameketi katikati. Ni mtu mpana, mpole, asiye na haraka, anayesoma kandarasi kwa raha vile wengine wanavyosoma habari za mpira. Aliwauliza waombaji wote swali moja: barabara salama ni ipi? Wengine walisema ni ile yenye matuta, wengine yenye taa, mmoja akasema yenye polisi. Aluoch alisema, "Inategemea ni nani anatembea hapo, na mvua ikinyesha anahamia wapi." Wangila alivua miwani, akaifuta, akairudisha. Wiki iliyofuata simu ya Aluoch ililia.

Kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa Kona Maziwa, senta ndogo kwenye barabara ya kwenda mji mdogo wa Ziwa. Pana maduka kadhaa, kinu cha kusaga unga, kinyozi, kibanda cha kukusanyia maziwa kilichoipa senta jina lake, na makanisa mengi kuliko maduka. Mbele kidogo, baada ya mpindo wa barabara unaowaficha madereva, iko shule ya msingi. Malori ya mahindi, matangi ya maziwa, matrekta, bodaboda zilizobeba watu watatu na mbuzi, na watoto wa shule, wote walikuwa wakigawana ukanda ule ule wa lami. Pembeni palikuwa na tope, na mvua ikinyesha tope liligeuka mto. Ajali zilikuwa zimetokea. Wenyeji walizitaja kwa majina ya watoto, wala si kwa tarehe, na Aluoch aliyaandika majina hayo yote daftarini.

Alikwenda huko Juni na Julai. Alisimama asubuhi watoto wakienda shule, akasimama alasiri wakirudi, akaja siku ya soko na siku isiyo ya soko. Ilipopiga mvua kubwa yeye alivaa gambuti akayafuata maji, aone yanatoka wapi na yanakwenda kuharibu nini. Alikaa saluni akasukwa nywele ambazo hakuwa na haja ya kusukwa, kwa sababu saluni ndiko alikosikia ni dereva gani hupunguza mwendo na ni yupi hapunguzi. Kisha akachora. Njia ya waenda kwa miguu, ya saruji, pana kiasi cha akina mama wawili wenye ndoo na mtoto katikati yao. Iwe juu ya ardhi hadi magoti ya mtoto, maji yasiifikie. Ilale upande kidogo, mvua iteremke mtaroni. Iwe na ukingo, lori wala ng'ombe asipande.

Aliwaita watu kwenye baraza akawaonyesha mchoro. Walisikiliza vizuri sana, wakauliza maswali. Mzee mmoja alitaka kujua kama saa sita mchana hiyo simiti itakuwa moto. Mama mwenye duka, Nduta, anayeitwa pia Mama Tabby, aliuliza kama kuna hakika lori haliwezi kupanda juu yake. Mwingine akauliza kama kuna miti itakayotia kivuli, na alipoambiwa hakuna, akasema vizuri. Aluoch aliguswa moyo. Aliona watu hawa wanafikiria nyayo za watoto wasio na viatu. Akawaahidi kwamba itapata moto, lakini si moto wa kuchoma. Wakatazamana wakatikisa vichwa, wameridhika kuliko alivyotarajia.

Alikuwa amehesabu watu, pikipiki, matrekta, punda, hata bata. Kitu kimoja hakukihesabu, kwa sababu Julai kilikuwa bado kijani shambani.

Septemba njia ilikamilika, kuanzia kibanda cha maziwa hadi mwisho wa maduka. Watoto waliikimbia kwenda na kurudi siku nzima, na Aluoch aliketi ukingoni akala mandazi akiwatazama, akiwa na furaha ya mtu aliyepika chakula kikaliwa chote. Kipande cha pili, kutoka madukani hadi lango la shule, ndicho kilichokuwa cha maana zaidi, maana ndipo penye mpindo. Lakini mfuko wa fedha uliolipia saruji ulikuwa na sharti: wakaguzi watakuja mwezi wa kumi. Wakikuta njia inatumiwa na waenda kwa miguu, kipande cha shule kinajengwa. Wasipokuta, saruji inakwenda kwingine. Kila mtu Kona Maziwa alilijua sharti hilo, na Aluoch hakuwa na wasiwasi nalo hata kidogo.

Oktoba ilipofika, Wangila alimpigia simu.

"Madam, njoo Kona Maziwa. Njia yako imejaa."

"Imejaa watu?"

"Wewe njoo tu."

Alimkuta Wangila ameegemea gari, mikono imefungwa kifuani. Njia ilikuwa nyeupe kutoka mwanzo hadi mwisho. Mahindi yalikuwa yametandazwa juu yake yote, sawasawa, yakimeta juani. Akina mama walitembea ndani yake pekupeku, wakiburuta nyayo taratibu ili kuyageuza, wakiacha nyuma yao mistari kama ya jembe. Na kule chini, juu ya lami, watoto wa shule walikwenda mmoja nyuma ya mwingine, lori likiwapigia honi. Kijana mmoja wa darasa la chini alijaribu kupanda njiani akakemewa na mama watatu kwa pamoja: "We, unakanyaga unga ya watu."

Hapo ndipo Aluoch alipoona alichokifanya. Njia ilikuwa juu, kwa hiyo mahindi hayakulowa. Ilikuwa na ukingo, kwa hiyo ng'ombe hakuyafikia na lori halikuyasaga. Ililala upande, kwa hiyo mvua ya ghafla ilipita. Haikuwa na kivuli. Na saa sita mchana ilipata moto, lakini si wa kuchoma, kama alivyowaahidi mwenyewe. Kila alichokitengeneza kwa ajili ya watoto kilikuwa kimeyafaa mahindi kuliko watoto.

"Umewajengea kikaushio safi," alisema Wangila, na tumbo lake likaanza kutikisika kwa kicheko alichokizuia. Kisha akaacha. "Wakaguzi wanakuja wiki ijayo. Naweza kuomba askari wa kaunti, asubuhi moja watazoa hii yote."

"Wakizoa, kesho watayaanika kwa lami, Injinia. Nipe siku chache."

"Siku chache ndizo ziko," alisema Wangila.

Aluoch alivuka kwenda dukani kwa Nduta, hasira ameipanga vizuri kichwani, neno kwa neno. Nduta ni mwanamke mwepesi wa mkono na wa mdomo. Wazazi wake walitoka Nyeri wakaja kulima huku kabla hajazaliwa, na yeye ana shamba nyuma na duka mbele, na kati ya hayo mawili hakuna habari ya Kona Maziwa inayompita. Alipomwona Aluoch aliacha mizani.

"Madam, karibu kiti. Aki ni Mungu amekuleta. Mama Cherono, kuja, ni yule msichana alitujengea."

Wakaja wanne. Wakaleta chai, wakaleta hindi la kuchoma. Mama Cherono alifumba macho akamwombea pale pale, akamshukuru Mungu kwa ajili ya mikono ya Aluoch, masomo ya Aluoch, na simiti. Ni vigumu kumgombeza mtu aliyetoka kukuombea sasa hivi. Ile hasira iliyopangwa ikapotea yote.

"Mama Tabby," alisema alipopata nafasi, "hii ni njia ya watu kutembea."

"Tunajua. Si ulituambia kwa baraza."

"Na mahindi?"

"Mahindi ni ya hii msimu tu. Watu watatembea hiyo miezi ingine yote. Hata mzee alikuuliza kama itakuwa moto, ukasema ndio."

Aluoch alikumbuka baraza, maswali, vichwa vilivyotikiswa. Akakumbuka alivyoguswa moyo. Aliona aibu, kisha kicheko kikamshinda nguvu, akacheka mpaka chai ikamwagika magotini, na wale akina mama wakacheka naye bila kujua wanacheka nini.

Alikaa pale dukani mpaka alasiri. Saa ya watoto kutoka shule ilipokaribia, Nduta, aliyekuwa akipima sukari, aliiacha sukari kwenye mizani, akasimama, akaenda mlangoni. Akatazama upande wa mpindo. Mteja alingoja bila kulalamika. Malori mawili yalipita. Nduta hakugeuka wala hakuongea, jambo ambalo kwake si la kawaida, mpaka msichana mwembamba mwenye mkoba mgongoni alipoingia na kusema ana njaa. Ndipo akarudi kwenye mizani.

"Kila siku unasimama hivyo?" aliuliza Aluoch.

"Kila mama wa hapa husimama." Nduta hakumtazama. "Tabby yuko gredi ya tano. Nimesimama tangu nasari."

Aluoch alitaka kusema kwamba mahindi yaliyomweka Tabby kwenye lami yalikuwa pia ya mama yake. Lilimfika ulimini. Akalimeza na chai, na hiyo ndiyo siku aliyohitimu katika somo la kunyamaza.

Kesho yake alirudi asubuhi, akavua viatu, akafunga leso kiunoni, akaingia kwenye mahindi kuyageuza pamoja nao. Mtu anayegeuza mahindi huulizwa mambo na huuliza, hakuna anayekumbuka kwamba ana kazi ofisini. Kwa nini hapa? Kwa sababu nyumbani ni udongo, na mahindi yakilala kwa udongo yanashika kuvu, na depo ya kununulia nafaka inayakataa. Lakini kwa nini barabarani, si nyuma ya nyumba juu ya turubai? Kwa sababu nyuma ya nyumba hakuna macho, na mahindi yasiyo na macho huliwa na mbuzi na watu wenye tabia za mbuzi. Na je, sababu ni hiyo peke yake? Hapo Mama Cherono alicheka. Akasema mnunuzi akipita na lori, akiona mahindi meupe yamelala juani, anasimama. Barabara ndiyo dirisha lao.

Basi walihitaji sakafu ngumu, jua, macho, na barabara. Aluoch aliyashika mambo hayo manne akatembea nayo senta nzima, akitazama. Alipofika kwenye uzio wa mabati mkabala na duka la Nduta, alisimama kwa muda mrefu kiasi cha kinyozi kutoka nje kumuuliza kama amepotewa na kitu. Uzio ule ulikuwa wa kontrakta aliyejenga njia. Ndani alikuwa na kambi yake, na katikati ya kambi alikuwa amemwaga saruji, sakafu pana ya kutengenezea vifuniko vya mitaro. Alikuwa akijiandaa kuivunja, maana kazi ilikwisha. Aluoch alichungulia kwa tundu la msumari. Jua lilikuwa limelala juu ya sakafu yote.

Alimwendea Wangila mbio. Injinia alikunja uso. Kandarasi ilisema wazi: kontrakta avunje, asawazishe, apande nyasi, arudishe ardhi ilivyokuwa.

"Ilivyokuwa ilikuwa tope," alisema Aluoch.

"Imeandikwa, Madam."

"Basi tusome yote, Injinia. Wewe ndiye unajua kuisoma."

Wangila alipenda kuambiwa hivyo, na lilikuwa kweli. Alivaa miwani akaisoma kandarasi ukurasa kwa ukurasa, kidole kikitembea chini ya mstari, Aluoch akiwa ameketi mbele yake akiuma kucha. Karibu na mwisho kidole kilisimama. Injinia msimamizi, ilisema, anaweza kuamuru kwa maandishi kitu kibaki kama kina manufaa kwa umma. Wangila alifurahi kama mtu aliyefunua sufuria aliyodhani tupu akakuta nyama. Akaandika amri, akapiga muhuri, akaupuliza ukauke.

Kilichobaki ni watu, na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Walikutana barazani kwa duka la Nduta. Mmoja akasema mbuzi. Aluoch akasema mabati mawili matatu ya kontrakta yatabaki upande wa mbuzi, yale ya upande wa barabara yatang'olewa, ili duka lione na lori lione. Mwingine akasema sakafu haiwatoshi wote kwa siku moja. Wakapanga zamu, mahindi yenye maji zaidi yaanze, na Nduta ndiye atakayeuma punje kuamua, kwa kuwa hakuna anayebisha meno yake. Yote yalikubalika. Lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuhama, maana wa kwanza akihama, mwenzake angechukua nafasi yake njiani. Kila mmoja akabaki akitazama mahindi yake.

"Mimi nitaanza," alisema Nduta. "Nimechoka kusimama."

Wengine walidhani anasema habari ya miguu. Aluoch alielewa, akautazama mlango wa duka. Jioni hiyo walihamisha mahindi, kwa ndoo, kwa toroli, kwa mabeseni, na njia ikafagiwa.

Siku ya ukaguzi wageni walikuja na gari jeupe. Kiongozi wao alikuwa Madam Adero, mama wa makamo mwenye sauti ya chini na viatu vyeupe. Aluoch aliamka akiomba jua, akapewa mawingu. Yalikuwa yamekusanyika upande wa Ziwa, meusi, na watu wote wa Kona Maziwa walikuwa wamekimbilia sakafuni kuyawahi mahindi. Kwa hiyo wageni waliposhuka, waliikuta njia safi, nzuri, imefagiwa, na tupu. Hapakuwa na mtu hata mmoja juu yake.

Madam Adero aliitazama kutoka mwanzo hadi mwisho. "Ni safi sana," alisema. "Lakini watu wenu wako wapi?"

Aluoch alifungua kinywa aeleze. Alikuwa na maelezo mengi, alikuwa na ramani chini ya kwapa. Wakati huo huo radi ikapiga, na kutoka sakafuni Nduta akaita, "Madam, inakuja." Aluoch alijua kwamba mahindi yale yakilowa leo, wiki ya kwanza, hakuna mama atakayeiamini tena sakafu ile, na kesho yote yatarudi njiani. Alijua pia kwamba wakaguzi hawaachwi wamesimama barabarani. Akamkabidhi Madam Adero ramani kama mtu anayempa jirani mtoto amshikie, akasema samahani, akakimbia.

Alikusanya kwa koleo, alikusanya kwa mikono. Wangila alifika nyuma yake akihema, tai ameitupa begani, akafungua gunia kwa mikono yake mikubwa wakalijaza. Turubai lilipepea, kona moja ikawashinda, na mtu akaikamata na kuikanyaga. Aluoch alipogeuka kushukuru aliona kiatu cheupe.

"Sisi kwetu tunaanika omena, hawa samaki wadogo," alisema Madam Adero, akilivuta turubai. "Mvua ni ile ile."

Ilinyesha kama ilivyokuwa ikijiandaa. Walijibanza wote barazani kwa Nduta, wageni na wenyeji, wakinywa chai. Mvua ilipopungua, lami ilikuwa imefunikwa na maji mekundu. Lakini mtaro ulikuwa ukimeza, na juu ya maji ile njia ilibaki imeinuka, maji yakiteremka upande kama ilivyochorwa. Ndipo watu walipoanza kwenda zao. Akina mama wenye magunia vichwani, wazee, wenye bodaboda wakisukuma pikipiki zao, wote wakapanda njiani kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa mtu mwenye akili kupita. Watoto walikuwa wametoka shule. Madam Adero akapanda katikati yao, viatu vikiwa havijulikani tena vilikuwa rangi gani.

"Huwa mnapita hapa?" alimuuliza msichana aliyekuwa karibu naye. Alikuwa Tabby.

"Siku hizi ndio," alisema Tabby. "Kitambo kulikuwa na mahindi."

Wangila alikohoa. Aluoch alifumba macho. Madam Adero alisimama, akamtazama Tabby, akaitazama sakafu yenye turubai, akamtazama Aluoch aliyeloa chepechepe na punje za mahindi nyweleni, akacheka mpaka akashika ukuta wa kinyozi. Halafu akatembea hadi mwisho wa njia, pale saruji inapokwisha na mpindo kuanza. Watoto waliobaki nyuma walikuwa bado wanakuja kutoka shule, ndani ya maji, wakishikana mikono, na tangi la maziwa likiwafuata polepole. Alisimama hapo mpaka mtoto wa mwisho alipopanda.

"Hiki kipande ndicho mnachoomba?" aliuliza.

"Ndicho," alisema Aluoch, na mara hii hakuongeza kitu.

Kibali kilikuja kabla ya Krismasi. Mzee Oyugi alisimuliwa yote, akacheka kwa namna yake ya kimya, mabega tu. "Nyathina, mwanangu," alimwambia bintiye, "umezaliwa katikati ya mahindi, umekula mahindi, na bado yamekushinda kuona." Aluoch hakubisha. Alimwongezea chai.

Januari aliitisha baraza la kipande cha pili, shuleni. Watu walijaa kuliko mara ya kwanza, wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Aluoch alisimama, na kabla hajafungua mchoro alisema, "Msiniulize. Saa sita itakuwa moto, lori haliwezi kupanda, na kivuli hakuna. Sasa niambieni mahindi mtaweka wapi." Vicheko vilivuma mpaka mwalimu mkuu akagonga meza. Kisha waliongea kweli, tangu asubuhi mpaka chai ya pili, na mchoro uliotoka pale ulikuwa na sakafu nyingine kando ya uwanja wa shule.

Njia ilifika lango la shule muhula wa pili. Aluoch alikwenda kuhesabu, kama kazi inavyotaka, na alasiri akaingia dukani kwa Nduta kunywa chai. Nduta alikuwa akimsimulia mteja habari ya mtu fulani na trekta la mtu fulani, mkono mmoja kwenye mizani na mwingine ukieleza. Mlango ukafunikwa na kivuli kidogo.

"Mama, niko na njaa."

Nduta alinyamaza katikati ya neno. Alimtazama Tabby, akatazama saa ya ukutani, akajitazama mwenyewe, ameketi kwenye kiti chake.

"Umefika?" aliuliza.

"Si unaniona," alisema Tabby, akachukua mkate.

Nduta alibaki ameketi, machozi yakimtoka na kicheko pamoja, na mteja akauliza trekta lilikuwaje. Nduta alimsukumia Aluoch kikombe, akamimina chai mpaka ikafurika kwenye kisahani, na Aluoch akainywa hivyo hivyo.